R: Grafu ya masafa ya uhakika kwa tofauti za jozi (Tukey), nichore ipi?

mizani_ya_data

Wakuu, naomba mwongozo.

Nina makundi sita, ANOVA (jaribio la kuona kama wastani wa makundi unatofautiana) nimeshamaliza, na sasa nataka grafu inayoonyesha kundi lipi linatofautiana na lipi, na kwa kiasi gani. Ili kila mtu aweze kurudia hatua zangu, naweka mfano kwa data ya `chickwts` inayokuja na R (programu ya takwimu) yenyewe: vifaranga 71, aina sita za lishe, uzito kwa gramu baada ya wiki sita. Umbo lake linafanana kabisa na data yangu.

```
modeli <- aov(weight ~ feed, data = chickwts)
tk <- TukeyHSD(modeli)
plot(tk)
```

Nimekwama sehemu tatu.

Kwanza, majina ya jozi upande wa kushoto yanakatika, na mengine hayatokei kabisa.

Pili, jozi ya sunflower (alizeti) na meatmeal (unga wa nyama) inanichanganya. `pairwise.t.test` bila marekebisho inatoa p (nafasi ya kuona tofauti kubwa hivi kama kweli haipo) = 0.026, Tukey, ambaye hurekebisha kwa kuwa jozi zote zinalinganishwa pamoja, anatoa 0.22. Nichore ipi?

Tatu, na hili ndilo kubwa. Nimechora pia wastani wa kila kundi pamoja na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95 (yale ambayo programu huandika CI). Husemwa kuwa ni kosa kuamua tofauti kwa kuangalia kama masafa ya makundi mawili yanaingiliana. Lakini nimepitia jozi zote 15 moja moja: kila jozi ambayo masafa yake yanaingiliana, Tukey anasema hakuna ushahidi wa tofauti, na kila ambayo hayaingiliani, Tukey anasema tofauti ipo. Hakuna hata jozi moja iliyokwenda kinyume. Sasa kwa nini nisiweke grafu ya wastani yenye mistari 6 badala ya hii yenye mistari 15?

---

pambizo_pana

Nianze na lebo, hizo ni za dakika moja.

Pambizo la kushoto la R kwa kawaida ni 4.1, na jina kama "sunflower-horsebean" lina herufi 19, haliwezi kuenea hapo. Isitoshe, R huandika lebo za mhimili wima zikiwa zimesimama, na zikigongana huacha baadhi bila kuziandika wala kukupa onyo. Ndiyo maana unaona chache kati ya 15. Fanya hivi:

```
par(mar = c(5, 11, 4, 2), las = 1, cex.axis = 0.8)
plot(tk)
```

Mpangilio wa namba ndani ya `mar` ni chini, kushoto, juu, kulia. Hiyo 11 ndiyo inayotoa nafasi, na `las = 1` inalaza maandishi. RStudio ikikujibu `figure margins too large`, amri yako haina kosa. Ni kidirisha cha grafu kilicho chembamba. Kivute kipanuke, au andika moja kwa moja kwenye faili kwa `png("jozi.png", width = 18, height = 14, units = "cm", res = 300)` kisha `dev.off()`.

Grafu hiyo ina kikwazo kingine: kichwa chake na maandishi ya mhimili mlalo vimewekwa ndani ya amri yenyewe. Ukipeleka `main` au `xlab` havipokelewi. Kama ripoti yako ni ya Kiswahili, utabaki na maneno ya Kiingereza juu na chini. Kwa hiyo mimi nashauri utoe namba uchore kwa kifurushi cha ggplot2:

```
library(ggplot2)
tk <- TukeyHSD(modeli, ordered = TRUE)
d <- as.data.frame(tk$feed)
d$jozi <- rownames(d)

ggplot(d, aes(x = diff, y = reorder(jozi, diff))) +
  geom_vline(xintercept = 0, linetype = "dashed") +
  geom_pointrange(aes(xmin = lwr, xmax = upr)) +
  labs(x = "Tofauti ya wastani wa uzito (gramu)", y = NULL)
```

`ordered = TRUE` inapanga makundi kuanzia wastani mdogo kabla ya kutoa tofauti, hivyo tofauti zote 15 zinakuwa chanya. Bila hiyo, tofauti tano ziko kushoto ya sifuri na kumi kulia kwa sababu ya alfabeti tu, na msomaji anahangaika bure. `reorder` nayo inapanga mistari kwa ukubwa wa tofauti: sunflower-horsebean (gramu 168.7) juu kabisa, sunflower-casein (gramu 5.3) chini kabisa.

Angalieni mitego hii:

Safu ya thamani za p inaitwa `p adj`, ina nafasi katikati, kwa hiyo iite kwa alama za nukta mgongo: `` d$`p adj` ``. Na palipoandikwa 0.0000000 usinakili hivyo, andika p < 0.001.

Ukitaka kukaza mhimili, tumia `coord_cartesian(xlim = c(-50, 250))`. Usitumie `xlim()`, maana hiyo hutupa data iliyo nje ya mipaka kabla ya kuchora, na mstari unaovuka ukingo unaweza kupotea wote.

Ukibadilisha majina ya lishe kwenda Kiswahili, yafunge kwa jina, si kwa nafasi: `factor(feed, levels = c("casein", ...), labels = c("Kasini", ...))`. Ukiandika `levels(x) <- c(...)` kwa mpangilio usio sahihi, R haitalalamika, alizeti itabandikwa namba za soya na grafu itatoka nzuri ajabu.

---

hesabu_kwanza

Mkuu @mizani_ya_data, swali lako la tatu ni zuri, na uchunguzi wako ni sahihi. Kwenye data hii grafu mbili zinakubaliana kwa jozi zote 15. Ila zinakubaliana kwa sababu una makundi sita. Ngoja nionyeshe.

Masafa ya wastani wa kundi moja hunyooshwa kila upande kwa takribani mara 2.00 ya kosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa wastani) la kundi hilo (hapa `qt(0.975, 65)` ni 1.997; 65 ni digrii huru, yaani vifaranga 71 toa makundi 6). Makundi mawili yenye idadi sawa hayaingiliani pale tofauti yao inapozidi jumla ya mikono miwili, yaani karibu mara 4 ya kosa sanifu.

Tukey hatumii kipimo hicho. Yeye anataka tofauti izidi q (kizidishi chake, R huipata kwa `qtukey`) mara ya kosa sanifu hilo hilo, na q inakua kadiri makundi yanavyoongezeka. Igawe kwa mbili upate urefu wa mkono ambao ungefanya kuingiliana kwa masafa kuwe sawa na jibu la Tukey:

```
qtukey(0.95, c(2, 3, 5, 6, 10), 65) / 2
```

Makundi 2: takribani 1.41. Makundi 3: 1.70. Makundi 5: 1.98. Makundi 6: 2.08. Makundi 10: 2.32.

Linganisha na 2.00 ya grafu ya wastani. Penye makundi mawili au matatu, mikono ya grafu ya wastani ni mirefu mno: masafa yataingiliana na huku tofauti ipo. Penye makundi kumi ni mifupi mno: masafa yataachana na huku Tukey anasema ushahidi hautoshi. Kwenye matano au sita ndipo vipimo viwili vinapokutana. Ongeza lishe nne kwenye jaribio lako na makubaliano hayo yanavunjika. Kwa hiyo kosa la kuangalia kuingiliana halina hata upande mmoja unaoweza kuuzoea na kuusahihisha kichwani.

Pia inategemea makundi kuwa na ukubwa unaokaribiana. Hapa yana vifaranga 10 hadi 14, tofauti ni ndogo.

Sasa jozi yako ya sunflower na meatmeal. Wastani ni 328.9 na 276.9, tofauti ni gramu 52.0. Masafa ya kila kundi ni takribani 297 hadi 361 na 244 hadi 310, kwa hiyo yanaingiliana kati ya 297 na 310. Lakini masafa ya tofauti yenyewe, bila marekebisho, ni gramu 6.3 hadi 97.7. Sifuri haimo, ndiyo p = 0.026. Kwa nini? Kosa sanifu la tofauti si jumla ya makosa mawili, ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao: 16.5 na 15.8 zinatoa 22.9, si 32.3.

Kwa Tukey masafa ya jozi hiyo yanakuwa −15.2 hadi 119.2. Data haikubadilika, ila swali limebadilika. Masafa yasiyorekebishwa yanatoa uhakika wa asilimia 95 kwa jozi moja uliyoichagua kabla ya kuona data. Ya Tukey yanatoa uhakika wa asilimia 95 kwamba *yote 15 kwa pamoja* yamefunika tofauti za kweli. Kama jozi 15 zingekuwa huru kila moja na mwenzake, nafasi ya kukosea angalau mara moja bila marekebisho ingekuwa 1 − 0.95^15, takribani asilimia 54. Si huru, kwa sababu kila kundi linarudi kwenye jozi tano, lakini inakupa picha ya ukubwa wa tatizo.

Hivi ndivyo mkono mmoja wa masafa unavyorefuka kwa makundi mawili yenye vifaranga 12 kila moja: bila marekebisho ±44.7, Tukey ±65.8, Bonferroni (njia nyingine ya kurekebisha) ±68.2. Ukilinganisha jozi zote, Tukey ndiye wa kutumia. Bonferroni anakulipisha zaidi bila faida. Kama ulipanga tangu mwanzo kulinganisha kila lishe na moja tu ya kawaida, basi ni Dunnett, na jozi zinabaki tano.

Utaona pia mistari ya Tukey haina urefu sawa. Si hitilafu. Meatmeal-horsebean (vifaranga 11 na 10) ina mkono wa 70.4, soybean-casein (14 na 12) ina 63.4. Hayo ni marekebisho ya Kramer ya mwaka 1956 kwa makundi yasiyolingana, na `TukeyHSD` inayafanya yenyewe.

---

mizani_ya_data

Shukrani sana wakuu. Lebo zimekaa sawa, na hiyo hesabu ya q imenifungua macho.

Nina maswali mawili ya ziada. Nikiendesha data yangu halisi napata onyo lenye maneno `non-factors ignored` kisha Tukey inagoma. Na je, herufi a, b, c juu ya vipau (makundi yenye herufi ya pamoja hayana ushahidi wa tofauti) zinatosha kuchukua nafasi ya grafu ya mistari 15? Ndizo zinazoonekana kwenye makala nyingi za kilimo.

---

pambizo_pana

Onyo hilo maana yake makundi yako yameandikwa kwa namba (1, 2, 3…) na R imeyachukua kama kipimo endelevu. Imechora mstari mmoja wa mteremko badala ya kulinganisha makundi. Kabla ya kwenda kwa Tukey tazama jedwali la ANOVA: safu ya Df (digrii huru) kwenye kundi lazima iwe idadi ya makundi toa moja. Kwenye `chickwts` ni 5. Ukiona 1 na una makundi sita, hata hiyo F (namba ya jaribio la ANOVA) uliyoiandika kwenye ripoti si sahihi. Tiba ni `data$kundi <- factor(data$kundi)` kisha endesha `aov` upya.

Pia `TukeyHSD` haipokei kilichotoka kwa `lm`, inataka `aov`.

---

soya_na_mashudu

Kuhusu herufi: kwa data hii zinatoka hivi. Sunflower a, casein a, meatmeal ab, soybean b, linseed bc, horsebean c. Ni fupi, zinaingia hata ndani ya jedwali, na wahariri wa majarida wamezizoea. Mimi naona zinatosha, hasa makundi yakifika nane na jozi kuwa 28. Grafu ya mistari 28 nani ataisoma?

---

hesabu_kwanza

@soya_na_mashudu, kwenye nafasi nakubaliana nawe. Lakini tazama herufi hizo zimeficha nini.

Linseed na horsebean wana c ya pamoja. Msomaji wa kawaida, hata afisa ugani anayetafuta lishe ya bei nafuu, atasoma kwamba ni sawasawa, chagua yoyote. Sasa fungua mstari wa jozi hiyo: tofauti ni gramu 58.6, masafa −10.4 hadi 127.5. Data inakubali kwamba linseed inaongeza zaidi ya gramu mia moja kwa kifaranga ambacho kwa horsebean kina wastani wa gramu 160. Hiyo si "sawasawa". Hiyo ni "hatujapima vya kutosha".

Halafu chukua sunflower na casein, nao wana a ya pamoja: 5.3, masafa −60.4 hadi 71.1. Hapa kitovu kiko karibu na sifuri kabisa, ingawa masafa bado ni mapana. Herufi zimeziweka jozi hizi mbili kwenye kapu moja, na kwa mfugaji ni hali mbili tofauti kabisa.

Upande wa pili ni vilevile. Soybean-casein na horsebean-casein zote zina herufi tofauti. Ya kwanza ukiangalia upande wa ukubwa ni gramu 13.8 hadi 140.5, ya pili ni 94.4 hadi 232.3. Moja huenda ni tofauti ndogo isiyolipa gharama ya lishe ghali. Nyingine hata makisio yake ya chini ni makubwa.

Hii ndiyo sababu nang'ang'ania masafa ya tofauti. Soma ncha zote mbili, si kama mstari umegusa sifuri au la. Ukiishia kuangalia sifuri peke yake, basi kweli herufi zinatosha, na kazi yote ya kuchora ilikuwa ya nini?

Kwa makundi mengi, chora jozi zinazojibu swali la utafiti na uweke nyingine kwenye jedwali la kiambatisho. Ila masafa yabaki yale ya jozi zote 28. Usipunguze jozi kwenye picha kisha ukakokotoa upya marekebisho kwa zilizobaki, maana ulizichagua baada ya kuona majibu.

---

kipeuo

Naongeza kuhusu kifurushi cha emmeans, maana kinafaa zaidi modeli ikiwa na vitu viwili au zaidi, au data zenye mapengo:

```
library(emmeans)
m <- lm(weight ~ feed, data = chickwts)
e <- emmeans(m, ~ feed)
j <- pairs(e, reverse = TRUE)
confint(j)
plot(j) + ggplot2::geom_vline(xintercept = 0, linetype = 2)
```

Bila `reverse = TRUE` inatoa casein − horsebean, wakati `TukeyHSD` inatoa horsebean − casein. Namba ni zile zile, alama zimegeuka. Ukichanganya jedwali la moja na grafu ya nyingine kwenye ripoti, utajipinga mwenyewe.

Ukichagua `adjust = "holm"` (njia nyingine ya kurekebisha p), thamani za p zitakuwa za Holm lakini masafa yatakuwa ya Bonferroni, kwa sababu Holm hana masafa ya namna hiyo. Programu inasema hivyo chini ya jedwali kwa maandishi madogo. Unaweza kukuta p iko chini ya 0.05 na mstari bado umevuka sifuri.

Kama uzito ulichukuliwa kwa logi, `lm(log(weight) ~ feed)`, basi `pairs(e, type = "response")` inatoa uwiano, si tofauti. Mstari wa rejea unahamia kwenye 1, na mhimili uwe wa logi ili 0.5 na 2 ziwe umbali sawa kutoka katikati. Kuacha mstari kwenye 0 hapo ni kosa linaloharibu picha nzima: hakuna masafa hata moja yatakayoigusa, na kila jozi itaonekana ina tofauti.

Na kama mkengeuko (mtawanyiko) wa makundi unatofautiana sana, acha Tukey, tumia Games-Howell, ambayo haidai mtawanyiko ulio sawa: `rstatix::games_howell_test(chickwts, weight ~ feed)`, utapata `conf.low` na `conf.high` za kuchora. Kwa `chickwts` mkengeuko sanifu unaanzia 38.6 hadi 64.9, hakuna haja.

Kwa wanaotumia Stata: `margins feed, pwcompare mcompare(bonferroni)` baada ya `regress`, kisha `marginsplot, unique horizontal recast(scatter) xline(0)`. Bila `unique` kila jozi inachorwa mara mbili. Tukey kwenye Stata anapatikana kwa `pwcompare`, si kwa `margins`. SPSS nayo jedwali lake la jozi lina mistari 30 kwa makundi sita kwa sababu hiyo hiyo ya kurudia kwa alama iliyogeuzwa. Chukua 15 tu. Na ile grafu yake ya vipau vya makosa ni ya wastani wa makundi, si ya tofauti.

---

mizani_ya_data

Nimeelewa. Naweka grafu mbili: ya kushoto data yenyewe kwa nukta pamoja na wastani, ya kulia tofauti 15 za Tukey. Maelezo chini ya picha niandike nini?

---

hesabu_kwanza

Vizuri sana, nukta zisikose. Taja masafa ni ya nini, kiwango gani, yamerekebishwaje, alama inamaanisha upande gani, na idadi kwa kila kundi. Mfano:

"Kulia: tofauti za wastani wa uzito (gramu) kati ya lishe, kwa jozi zote 15. Nukta ni makadirio. Mistari ni masafa ya uhakika ya asilimia 95 kwa jozi zote kwa pamoja (Tukey-Kramer, digrii huru 65). Thamani chanya: lishe iliyotajwa kwanza ina wastani mkubwa zaidi. Idadi ya vifaranga: casein 12, horsebean 10, linseed 12, meatmeal 11, soybean 14, sunflower 12."

Kushoto, ukiweka mistari kwenye wastani, taja kama ni mkengeuko sanifu, kosa sanifu au masafa ya uhakika. Vitatu hivyo vinafanana kwa macho, na kwenye casein vinatofautiana hivi: 64.4, 15.8 na 31.6.

---

kipeuo

Rekebisho dogo hapo: 64.4 ni ya vifaranga 12 vya casein peke yao, lakini 15.8 na 31.6 zimetoka kwenye kosa la modeli nzima. Ukikokotoa kwa casein peke yake ni 18.6 na 40.9. Andika umetumia ipi.

---

hesabu_kwanza

Ni kweli mkuu, asante. Kwenye picha hii tumia za modeli, ndizo Tukey alizotumia kwa upande wa kulia.